Zeze Lililoachwa Mlangoni: Maisha na Kazi ya Mzee Hukwe Zawose

(Mada iliyotolewa katika Juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya Jubilei iliniomba nizungumze juu ya muziki katika miaka mia moja ya Usharika wetu. Nadhani wengi walitazamia kwamba ningesimulia habari za kwaya zetu: nani alizianzisha, nani alizifundisha, na ni lini kinanda cha kwanza kililetwa kanisani. Habari hizo ni njema, na wenzangu wamezieleza vizuri. Mimi nimeomba ruhusa ya kupita njia ya pembeni kidogo. Nataka kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuimba katika kwaya yetu wala kuketi katika mabenchi yetu. Alikuwa mpiga zeze. Jina lake ni Hukwe Ubi Zawose, mzaliwa wa Ugogo, aliyefariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Sababu ya kumchagua ninayo, nayo inanihusu mimi mwenyewe. Nitaieleza kabla sijaketi.

Njia ya misafara

Sisi watu wa Tabora ni watu wa njiani. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nchi ya vichaka na kiu, hata ikafika Unyanyembe, yaani Tabora yetu hii. Kutoka hapa iliendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Walipopita Ugogo walilipa hongo kwa wenye nchi, ili wapewe maji na ruhusa ya kupita. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857 hawakuifungua njia hiyo. Walifuata nyayo za babu zetu waliokwisha kuikanyaga.

Mizigo ile imeandikwa katika vitabu kwa sababu ilikuwa na bei. Upo mzigo mwingine ulioandikwa kwa uchache, kwa sababu haukuuzwa: nyimbo na vyombo vya muziki. Msafara ulitembea kwa kuimba, na jioni kambini wapagazi waliokuwa na nguvu bado walicheza. Mtu wa kabila moja alisikia chombo cha kabila lingine, akakitamani, akajifunza kukitengeneza. Jina lenyewe la zeze ni alama ya nyayo hizo. Limetapakaa kutoka pwani mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wala halitaji chombo kimoja kila mahali. Kwa wengine ni chombo kinachosuguliwa kwa upinde, kwa wengine ni ubao wenye nyuzi zinazodonolewa kwa vidole. Jina lilisafiri, na kila nchi ikalipokea kwa mikono yake.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wapagazi wakatua mizigo. Lakini watu wa Ugogo na watu wa Unyamwezi waliendelea kukutana, safari hii katika kambi za vibarua wa reli na kwenye vituo vya treni. Naomba mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Mchunga ng'ombe wa Doduma

Hukwe Zawose alizaliwa karibu na mwaka 1940 katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma. Ugogo ni nchi kame. Mvua yake ni ya msimu mmoja tena ya mashaka, na wazee wake walisimulia kwa miaka mingi habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na baada yake. Katika nchi ya namna hiyo ng'ombe ni akiba, na mtoto wa kiume hukabidhiwa mifugo akiwa bado mdogo.

Hukwe naye alichunga ng'ombe wa baba yake. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya muziki, na elimu yake ya kwanza aliipata kwa baba yake. Hakukuwa na ubao wala chaki. Mtoto alitazama vidole vya mkubwa wake, akavifuata, akakosea, akaanza tena. Machungani alikuwa na saa nyingi za kufanya mazoezi, na wasikilizaji wake walikuwa ng'ombe, ambao hawamkatizi mtu.

Ndugu zangu, tusilipite jambo hili haraka. Kwa Wagogo muziki haukuwa kazi ya watu wachache waliolipwa ili wengine waketi na kutazama. Kulikuwa na nyimbo za jando, nyimbo za kuomba mvua, nyimbo za mavuno na nyimbo za kumsindikiza marehemu. Wanawake walipiga ngoma ya muheme, wakiwa wameibana ngoma katikati ya magoti. Zeze na ilimba kwa desturi vilikuwa mikononi mwa wanaume. Aliyekua katika kijiji cha namna hiyo alikua ndani ya muziki kama vile mtoto anavyokua ndani ya lugha.

Chombo chenyewe

Kwa faida ya vijana ambao hawajawahi kuliona zeze kwa macho, nieleze kwa ufupi. Zeze huwa na sehemu ya chini iliyo wazi ndani, ambayo ni kibuyu au mti uliochongwa, nayo huwambwa ngozi. Humo hupitishwa mpini, na juu ya mpini hufungwa nyuzi. Zamani nyuzi zilitokana na mishipa ya wanyama au mimea. Siku hizi waya wa chuma ndio unaotumika sana. Upinde wake ni mdogo, na uzi wa upinde hupakwa utomvu ili ukwaruze na kutoa sauti. Zeze la kawaida lina uzi mmoja au nyuzi mbili. Mzee Zawose alipiga hayo, lakini alipiga pia mazeze makubwa yenye nyuzi zaidi ya kumi, ambayo ukiyasikia bila kuyaona utadhani ni watu watatu wanaopiga.

Pamoja na zeze alikuwa bingwa wa ilimba, sanduku lenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Ilimba yake kubwa ilikuwa na vijiti makumi kadhaa, na si vyote vilivyoguswa. Vingine vimewekwa ili viitikie vyenyewe jirani zake wanapopigwa. Katika matundu ya sanduku hilo hubandikwa utando wa buibui, ili sauti itoke na mvumo kama wa nyuki. Fundi asiyeujua utando huo atatengeneza ilimba iliyo bubu.

Sasa nifikie jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ukiusugua uzi mmoja wa zeze na kusikiliza kwa utulivu, utasikia ndani ya sauti yake sauti nyingine ndogo ndogo, moja juu ya nyingine. Hizo hazikutungwa na mtu. Zimo katika uzi wenyewe, kama zilivyomo katika kila uzi na kila filimbi duniani. Wataalamu waliochunguza muziki wa Kigogo wameonyesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo za asili. Kinanda chetu cha kanisani hakikujengwa hivyo. Ili kiweze kupiga nyimbo za kila namna, mafundi wa Ulaya walizisogeza sauti kidogo kidogo, hii juu na ile chini, zikapatana kwa makubaliano. Kwa hiyo baadhi ya sauti za Mgogo huangukia katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda. Aliyezoea kinanda husema kwamba Mgogo amekosea. Ukweli ni kwamba Mgogo anafuata mizani nyingine, nayo ni mizani kamili.

Uimbaji wa Mzee Zawose ulikuwa hivyo hivyo. Aliweza kuanza chini kabisa, kwa sauti ya kukoroma iliyotoka kifuani, kisha akapanda mpaka sauti nyembamba ya juu kama ya mtoto, bila kuonyesha kwamba amepita ngazi yoyote katikati.

Kutoka Ugogo mpaka Bagamoyo

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi yetu kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge. Siku hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwa uchungu jinsi sisi tuliosoma tulivyofundishwa kuona kwamba hatuna utamaduni, na jinsi vijana walivyojua kucheza dansi za ng'ambo huku ngoma za nyumbani hawazijui hata kwa majina. Watu wa Tabora tuna sababu ya kuyasikia maneno hayo kama yanayotuhusu. Mwalimu alisoma hapa katika Shule ya Serikali kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, akarudi kufundisha shule ya St. Mary's kuanzia mwaka 1946 hadi 1949. Alijua shule zetu zilifundisha nini na ziliacha nini.

Mwaka uliofuata, 1963, kiliundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Katika miaka hiyo ya 1960 sauti ya kijana wa Doduma ilimfikia Rais, naye akamwita aje Dar es Salaam kufanya kazi ya muziki. Hapo ndipo safari yake kubwa ilipoanzia. Alishuka pwani kwa upande ule ule walioshukia wapagazi. Wao walibeba pembe mabegani. Yeye alibeba zeze.

Baadaye makazi yake yakawa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Hapo alifundisha. Wengi husema kwamba jina la Bagamoyo linatokana na maneno bwaga moyo, kwa kuwa hapo ndipo mpagazi alipotua mzigo na kupumzisha roho. Mzee Zawose hakutua mzigo wake huko. Aliufungua, akawagawia wengine. Kijana wa Kimakonde, wa Kizaramo, wa Kinyamwezi, kila aliyekuja akiwa tayari kujifunza, aliruhusiwa kushika zeze la Kigogo. Na nyumbani kwake, watoto, wapwa na wajukuu walikua wakicheza na ilimba kama yeye alivyokua Doduma.

Nikumbushe kwamba haukuwa wakati rahisi kwa chombo cha namna hii. Hapa Tabora tulikuwa na bendi za magitaa zilizosifika nchi nzima: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Mimi nilizipenda na bado nazipenda, wala sisemi neno baya juu yake. Lakini gitaa lilikuwa chombo cha kijana wa mjini, na zeze likaonekana chombo cha babu wa kijijini. Mzee Zawose alivaa vazi la kwao, akafunga njuga miguuni, akapiga chombo cha babu mbele ya wakubwa wa serikali, wala hakuomba radhi.

Sauti ya Doduma duniani

Pamoja na wenzake alisafiri nchi nyingi. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza sahani ya santuri iitwayo Tanzania Yetu. Mwaka 1996 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Chibite, aliyoimba pamoja na mpwa wake Charles Zawose. Neno chibite kwa Kigogo maana yake ni twende. Mwaka 2002 ikatoka albamu ya Assembly, ambamo alishirikiana na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huo huo Hukwe na Charles walisafiri na Peter Gabriel katika ziara yake ya Amerika ya Kaskazini, wakaimba katika kumbi kubwa zinazochukua maelfu ya watu.

Hebu fikirini. Mtoto wa machungani anasimama mbele ya maelfu ya watu wasiojua neno moja la Kigogo, na wananyamaza wamsikilize. Hakubadilisha mizani ya nyuzi zake ili impendeze mtu. Wao ndio waliobadilisha masikio yao.

Mzee Zawose alifariki mwishoni mwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata, 2004, Charles naye akafariki, ambaye wengi walimtazama kama mrithi wake. Kwa mwaka mmoja nyumba moja ilipoteza nguzo mbili. Wapo waliodhani kwamba huo ndio mwisho. Haukuwa mwisho, kwa sababu Mzee alikuwa amefundisha. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao iitwayo Maisha, wakijiita The Zawose Queens. Wanawake hao wanapiga ngoma za mama zao, na wanapiga pia zeze na ilimba, vyombo ambavyo zamani havikuwa vya wanawake. Basi aliyepanda mbegu hakupangiwa na yeye mavuno yatakuwa ya namna gani.

Zeze mlangoni

Sasa nieleze sababu yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa kijana, mwalimu wa kwaya, ninayejivunia kusoma do-re-mi. Alikuwepo mzee mmoja Mgogo, aliyekuja huku zamani kwa kibarua cha reli, akaoa kwetu, akabatizwa, akawa mshiriki mwaminifu. Jina lake silitaji, maana ukoo wake upo. Sikukuu moja ya Mavuno alikuja na kikapu cha mahindi na zeze la kibuyu. Akanifuata kwa adabu, ingawa nilikuwa sawa na mwanawe, akasema, "Mwalimu, mahindi ni ya shamba. Hili ni la mkono wangu. Naomba nami nilitoe."

Nilimwomba anisikilizishe kidogo. Alisugua uzi, nami nikabonyeza kinanda. Havikupatana. Nikamwambia, "Mzee, zeze lako halilingani na kinanda, utawapoteza waimbaji. Liache hapo nje." Hakubishana. Alilisimamisha ukutani karibu na mlango, akaingia na kikapu chake, akaketi mahali pake, akaimba nyimbo zote pamoja nasi. Ibada ilipokwisha nilimkuta chini ya mwembe akipiga peke yake, taratibu, na watoto wa Shule ya Jumapili wamemzunguka. Nilipita nikiwa nimebeba vitabu vyangu. Sikusimama.

Sikukuu iliyofuata alileta mahindi tu. Baada ya miaka michache alifariki. Siku ya matanga niliuliza zeze liko wapi. Nikaambiwa kwamba kibuyu kilipasuka, na nyaya zilikwisha kutumika kufungia mlango wa banda la kuku.

Miaka mingi baadaye niliisikia sauti ya Mzee Zawose katika redio. Nilikuwa nimeketi nje jioni. Aliposugua uzi wa kwanza nilitambua sauti zile zile nilizoziita makosa: zile zinazoangukia katikati ya vibonyezo vya kinanda. Nikaelewa kwamba yule mzee wetu hakuwa amekosea. Alikuwa na elimu ambayo mimi sikuwa nayo, nami nilikuwa na cheo ambacho yeye hakuwa nacho, na siku ile cheo kiliishinda elimu.

Sisemi haya ili kuwalaumu waliotutangulia. Wamisionari waliotuletea Injili walituletea pia nyimbo zao, na nyingi kati yake ni hazina tunayoishika kwa mikono miwili. Martin Luther mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi, akatunga nyimbo kwa lugha ya watu wake, akauweka muziki jirani kabisa na theolojia. Wala si kweli kwamba Kanisa letu lilinyamaza moja kwa moja. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya KKKT kuundwa, Mchungaji Howard Olson wa Makumira alitoa mkusanyo wa Tumshangilieni Mungu, wenye tuni za makabila ya nchi yetu, nasi tunaziimba hata leo. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yake.

Tena liko jambo linaloniaibisha zaidi. Someni Zaburi ya 150, mstari wa 4, katika Biblia yetu ya Kiswahili. Watafsiri walipotafuta jina la chombo cha nyuzi cha kumsifu Mungu, waliliandika zeze, wakaliweka pamoja na filimbi. Nimeisoma Zaburi hiyo mara ngapi madhabahuni? Tuliingiza jina la zeze kanisani ndani ya kitabu kitakatifu, na zeze lenyewe tukaliacha limeegemea ukutani.

Deni letu

Wapendwa, maisha ya Mzee Hukwe Zawose yananifundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba chombo hakifi kwa sababu ya uzee wake, bali kwa kukosa mwanafunzi. Zeze lake ni la zamani kama la yule mzee wetu wa reli. Tofauti ni kwamba mmoja aliitwa na kupewa mahali pa kufundishia, na mwingine aliambiwa aliache nje. Karama zao Mungu anazijua. Mimi najua jinsi walivyopokelewa. La pili ni kwamba mtu akipokelewa na chombo chake, hupokelewa mzima. Tulimpokea yule mzee na mahindi yake. Hatukumpokea mzima.

Tunaingia katika karne ya pili ya Usharika wetu. Kwa heshima zote naiomba Kamati ya Jubilei, na mbele ya Baba Askofu, mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, katika kila mtaa wa Usharika watafutwe wazee wanaojua bado kupiga au kutengeneza vyombo vya asili, wawe washiriki wetu au wasiwe. Wapigiwe hodi, wasikilizwe, na sauti zao zihifadhiwe. Simu walizo nazo vijana wetu mfukoni zinatosha kwa kazi hiyo. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila kwa mitambo mizito, na hata leo tunanufaika na kazi yake. Sisi tumeketi jirani na wazee hao, tena mtambo tumeushika mkononi.

Pili, kila mzee atakayepatikana apewe vijana wawili au watatu wa kumfuata, si kwa mahafali ya siku moja, bali kwa msimu mzima. Wenzetu wa Chamwino, karibu na Dodoma, wameonyesha njia kwa tamasha lao la muziki wa Kigogo, ambapo vijiji hukutana na watoto huwaona wakubwa wao wakiheshimiwa. Na mabinti wasiachwe nyuma. Pendo na Leah Zawose wamekwisha kulijibu swali hilo.

Tatu, Sikukuu ya Mavuno ijayo, pamoja na vikapu vya mahindi, karanga na asali, zeze lipigwe ndani ya kanisa. Lipigwe kwa mizani yake lenyewe, na kinanda kinyamaze kwa dakika hizo. Nasi walimu wa kwaya tuketi, tusikilize.

Bado naishi karibu na ule mwembe. Ni mzee kuliko mimi, na kila mwaka unazaa. Mara nyingine watoto hunikuta nimeketi chini yake wakaniuliza nangoja nini. Huwaambia napumzika. Leo nimewaambieni ninyi ukweli.

Mungu aubariki Usharika wetu katika miaka mia inayokuja.